Kuku wa Gaudiose na Kozi wa Dohani

Gaudiose alifuga kuku katika bustani yake huko Jordbro, Sweden, karibu na viwanda. Jogoo wake akiwika, watu wa Norsborg waliamka, na Norsborg si karibu.

Mwaka 2009, mwezi wa tano, kuku walianza kupotea. Leo mmoja, kesho kutwa mwingine. Gaudiose hakutulia tena. Alipika huku akichungulia dirishani. Kanisani alikodolea macho juu, mchungaji akadhani anaomba.

Juu ya dohani ya kiwanda, lile bomba refu la moshi, palikuwa na kiota cha ndege mwenye kucha kali. Kwao Burundi, ndege wa namna hiyo akizunguka, vifaranga huingizwa ndani. Basi mwizi kapatikana. Tena mumewe, Révérien, ndiye aliyetumwa kupaka dohani hiyo rangi.

"Baba Inès, ukifika juu, kiangushe hicho kiota," alimwambia.

Révérien alikuwa ameshapanda vidato kadhaa vya ngazi, jirani yao alipofika mbio, amevaa kandambili. Huyo ni Truphosa, Mkenya. Kila Jumamosi huenda na chama chake kuhesabu ndege.

"Shemeji, shuka kwanza. Huyo ni kozi. Yeye hukamata ndege hewani. Kuku anayechakura chini hana habari naye."

"Kwa hiyo kuku wangu wameliwa na malaika?" Gaudiose aliuliza.

Truphosa akawaonyesha manyoya chini ya dohani. Yote ya njiwa na shakwe. Kisha akawapeleka bandani. Chini ya uzio palikuwa na shimo, na nywele nyekundu zimenasa kwenye waya. Mbweha.

Akawaeleza kwamba zamani sumu ya kuua wadudu iliwaingia kozi kupitia nyama ya ndege waliyokula. Maganda ya mayai yakawa membamba, yakapasuka yakiatamiwa. Kozi wakakaribia kwisha Sweden. Sumu ikapigwa marufuku, watu wakalea makinda na kuwaachia. Sasa wanarudi, na dohani kwao ni kama jabali. Kubomoa kiota chao ni kuvunja sheria.

Siku hiyohiyo walichimba, wakazika waya ardhini kuzunguka banda. Mlango ukafungwa kila jioni. Révérien alimwomba msimamizi wa kazi rangi ingoje makinda waruke. Msimamizi alinung'unika, akakubali.

Hakupotea kuku mwingine. Mwezi wa saba, kinda wa mwisho alisimama ukingoni mwa dohani, akasitasita. Gaudiose alikuwa chini, shingo imemuuma kwa kutazama.

"Ruka tu, mwanangu," alisema. "Baba Inès anangoja kupaka rangi."

Akaruka.