Landrova Iliyonguruma Mlangoni kwa Baba

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na mitatu, naishi Nangara hapa Babati, na nikisikia injini ya dizeli nakimbilia ndani. Majirani wananicheka. Wangejua!

Mimi ni Mlutheri, binti wa mzee wa kanisa. Nilipoolewa na Paskali, Mroma, baba alisusa harusi. Babu alikuwa amemjaza maneno ya zamani, ya tangu wamisionari wa kwanza wagombanie watu: eti masista huwabatiza watoto kwa siri, na mtoto akishabatizwa ni wa Papa, humpati tena... Utotoni tuliwaogopa masista kama fisi.

Hata hivyo, nilipojifungua nilirudi kwetu Nakwa kutunzwa uzazi wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Mama mkwe alikuja siku moja, akamwogesha mjukuu wake Emanueli, akaondoka. Baba hakumpa hata kiti.

Baada ya muda Emanueli akashikwa na homa. Akaacha kunyonya! Zahanati haikuwa na dawa. Si mnaijua miaka hii yetu, hata sabuni ni ya foleni. Paskali akakimbilia misheni, akarudi na Landrova ya mapadri ili tumpeleke mtoto hospitali ya masista. Betri ilikuwa mbovu, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuzima injini.

Baba akasimama mlangoni. "Mjukuu wangu hapandi gari la Roma. Wakambatize huko? Tutangoja gari la kanisa letu."

Nilipiga magoti. "Baba, nakuomba, mtoto anakwisha!" Paskali naye akamshika miguu, mwanamume mzima. Baba hakusogea. Gari la kanisa letu lilikuwa limekosa dizeli, hatukujua. Na ile Landrova ikanguruma, ikanguruma... mpaka mwanangu akatulia mikononi mwangu.

Jamani! Jamani mwanangu!

Msibani mama mkwe alinivuta kando, jikoni, huku analia. "Usihofu, mwanangu. Emanueli yuko mbinguni. Siku ile nilipomwogesha nilimbatiza mwenyewe, kwenye beseni. Nilimwita Petro."

Alidhani ananifariji! Nilicheka, wasomaji, nilicheka mpaka wanawake wakanishika. Kumbe kile alichokuwa akikizuia baba pale mlangoni kilishafanyika ndani ya nyumba yake, kwa maji ya kisima chake. Sasa mwanangu alikufa kwa ajili ya nini?

Baba sijamwambia. Huja kunisalimu Jumapili akitoka ibadani. Shikamoo, marahaba, basi. Juzi aliinua kichwa ghafla, akaniuliza, "Mama Emanueli, kuna gari hapo nje?"

Hapakuwa na gari lolote... Lakini hata mimi nilikuwa nalisikia.

Nawasihi, ninyi mnaolea! Mtoto akiugua, msingoje ruhusa ya mtu, hata awe baba mzazi. Gari lililo mlangoni ndilo hilo, pandeni! Dini mtagombania akishapona.