Taa Iliyotobolewa Tangi

Taa ilikuwa inawaka, na plagi yake imelala mezani.

Fundi aliiona asubuhi alipofungua karakana. Akaweka kikombe cha chai chini, akaufuata waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Haukuchomekwa popote. Balbu iliwaka tu, mwanga wa njano, mpole, kama wa utambi uliopunguzwa. Mtu mwingine angetimua mbio na viatu akavisahau. Yeye akasema, "Haya," akamalizia chai yake. Ndivyo alivyokuwa siku hizo, jamani. Ungemwambia paa limeanguka angekuuliza upande gani.

Duka lao la vitu vya kale lilikuwa chumba cha mbele: saa za ukutani zisizokwenda, redio za mbao, vioo vilivyoota madoa. Karakana ilikuwa katikati, na nyuma ndiko walikoishi yeye na mkewe. Yeye alichukua taa za zamani za mafuta akazitia umeme, mkewe akazisugua na kuziuza. Na alikuwapo wa tatu, binti yao waliyemwita Kadogo, aliyependa kutia mdomo kwenye chemni, kile kioo kirefu cha taa, na kumwita baba yake humo ili sauti itoke nene ya kizee. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Tangu hapo Mama Kadogo alilia kila alasiri, chemni mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili. Baba Kadogo hakulia hata makaburini. Watu wakamsifu, wakasema huyo ndiye mwanamume. Wapi! Alikuwa kafa ganzi tu.

Taa yenyewe ililetwa na bwana mmoja mwenye haraka, aliyeirithi kwa bibi yake. Ilikuwa ya shaba, tangi lake la mviringo, mafuta yamejaa pomoni.

"Bibi alikuwa anasema mafuta yasikauke humo," bwana yule alisema, akacheka kidogo. "Mambo ya wazee hayo. Wewe itie umeme, uiuze."

Sasa, fundi alikuwa na mwiko wake mmoja wa kazi: hatoboi tangi. Holda ya balbu huipachika mdomoni, pale pa utambi, na waya huutoa ubavuni mwa shingo, ili mwenye taa akitaka siku moja kurudia mafuta, arudie. Wenzake walimcheka kwa hilo na hakujali. Lakini taa ile ilikuwa na shingo nyembamba, ingetaka subira, na moyo wake haukuwamo kazini. Akamwaga mafuta mtaroni, akaliosha tangi kwa maji moto na sabuni, akaligeuza, akachukua keekee akalitoboa kitako. Keekee ilipopenya, tangi lilivuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua muda mrefu. Akapitisha waya, akafunga kazi. Kesho yake ndiyo akaikuta inawaka.

Alasiri hiyo Mama Kadogo alikaa chini ya taa ile na chemni zake. Alianza kulia kama kawaida. Fundi, mgongo kamgeuzia, akasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayekunywa chai ya moto kwa uangalifu: fyoo, kimya, fyoo. Alipogeuka mkewe alikuwa hanywi chochote. Macho yake yalikuwa makavu, na taa imezidi kung'aa.

"Umenyamaza," fundi alisema.

"Nimechoka kulia. Kwani vibaya?"

Vibaya kwa nini? Alifurahi, maskini, au alifanya kile alichokumbuka kuwa ndiko kufurahi. Mteja alipoiulizia taa akamwambia imeshauzwa.

Mkewe akapata usingizi, akapata hamu ya kazi. Ila mchuzi ulianza kunuka mafuta ya taa, na shuka zikanuka, na hata nywele zake mwenyewe mwanamke zikanuka, kila ukizifua na kuziosha harufu inarudi. Akaacha kumwita mumewe Baba Kadogo. Alimwita "fundi," kama wateja. Siku moja alitaka kupisha nafasi mezani, akakishika chuma cha kulehemu upande wa moto, akakisogeza taratibu, akakiweka. Kiganja kilitoa moshi.

"Kumbe cha moto," alisema, akaendelea kupanga saa.

Fundi aliufunga mkono ule kwa kitambaa. Aliogopa, lakini kwa mbali, kama anayesikia jirani akigombana.

Kilichomzindua ni gauni. Aliingia dukani akalikuta limetundikwa kati ya redio, gauni dogo la manjano, lina bei. Mama mmoja mteja alikuwa analipapasa.

"La nani hili, zuri hivi?"

"Sijui," alisema Mama Kadogo. "La zamani tu."

Mganga aliyemwita alifika jioni hiyo hiyo, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba mdogo kama wa mkunga. Alikaa karakana akaitazama taa, akanusa, kisha akavuta kiti mbali nayo. Wakaongea kwa kunong'ona, maana Mama Kadogo alikuwa chumba cha nyuma.

"Mafuta uliyapeleka wapi, mwanangu?"

"Niliyamwaga."

"Jini huyu alikuwa anakula mafuta. Miaka yote kashiba, hana haja na mtu. Wewe umemwaga chakula chake, ukamtobolea na mlango. Sasa anakula kilicho jirani. Kwa mkeo alianza na machozi. Yalipoisha, kashuka kwenye kile kinachoyaleta."

"Akikimaliza?"

"Utabaki na mtu anayepumua."

"Basi niitupe."

"Itupe, na mwanao umtupe humo humo. Dawa ni kuziba tundu na kumrudishia mafuta. Akiyaonja atatema cha mkeo. Ila kitarudi na uchungu wake wote. Unautaka?"

Fundi alisikiliza ule utulivu wa nyumba yake. Akalitazama gauni alilolichukua dukani, limekunjwa mapajani pake. "Nautaka," alisema.

"Kuna jingine. Ukiwa unaziba, atakuwa na njaa, na aliye jirani ni wewe. Atakachokunywa hapo hakitemi. Kitazibwa humo pamoja naye."

"Mama, kwangu hana cha kunywa. Mimi hata chozi moja sikutoa."

Mganga alivua miwani. "Ndilo ninaloliogopa. Aliyelia ameshamwaga nusu. Wewe umejaa pomoni."

Hakuwapo mwingine wa kulehemu. Fundi akaliweka gauni mezani, akang'oa waya, na balbu ikabaki inawaka mkononi mwake, akaiweka. Akarudisha kichwa cha utambi, akaligeuza tangi, akagusisha chuma cha moto kwenye lile tundu alilolitoboa mwenyewe, na mlio ukaanza sikioni kabisa, fyoo, fyoo, harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na ndani ya chemni iliyokuwa imelala mezani sauti nene ya kizee ikaita, "Baba," na akaona mtoto mwenye gauni la manjano akicheka na kioo mdomoni, na kwa mara ya kwanza kitu kikampasuka kifuani, kikali, kikubwa, kikapanda kikafika machoni, na hakikutoka, kikavutwa kwa ndani kuelekea tundu lile, fyoo, na mtoto akawa hana uso, fyoo, na gauni likawa halina mtoto, fyoo, na risasi ya kulehemu ikayeyuka ikatandaa ikaziba, na pale mezani palikuwa na kitambaa cha manjano.

Kimya. Balbu ikazimika.

Akajaza mafuta, akawasha utambi, akavisha chemni. Mwali ulisimama wima, wa kawaida kabisa.

Huko nyuma mwanamke akapiga ukelele. "Mwanangu! Mwanangu mie!" Akaja mbio, akalikumbatia gauni, akaanguka nalo sakafuni, akalia kilio cha siku ya kwanza. Mganga alimshika mabega, naye machozi yanamtoka. Fundi aliwatazama. Aliona kazi imetoka vizuri, tundu halivuji.

Kisha kukawa na harufu ya nyama inayoungua. Mwanamke akainua uso, akaona kiganja cha fundi kimeishika chemni ya moto, kimetulia.

"Mkono!" alipiga kelele. "Baba Kadogo, mkono wako! Baba Kadogo!"

Fundi akageuka nyuma, amtazame huyo Baba Kadogo anayeitwa.