Shingo Iliyokwenda Upande

Kila aliporudi kutoka shuleni, Kidomo alianza kusimulia kabla hata hajavua viatu. Siku hiyo habari ilikuwa moja tu: neno "senta". Mwalimu wa Kiingereza alimwita ubaoni, naye akaeleza bila kubabaika kuwa ni katikati kabisa, mahali palipo mbali sawasawa na kila upande.

"Hongera, mwanangu," alisema mama yake, fundi cherehani. "Nafuata uzi dukani. Mwangalie mdogo wako. Na hicho kitambaa mezani usikiguse!"

Kilikuwa cha gauni la mkunga, jirani yao, aliyekuwa anamwoza binti yake kesho. Madukani hakikuwepo tena kingine cha namna ile. Kilibaki kukunjwa na kukatwa shingo katikati, basi. Kidomo akaona ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akakikunja harakaharaka bila kulinganisha kingo, akakata.

Alipokikunjua, moyo ulimlipuka. Mungu wangu! Shingo imekwenda upande! Mdogo wake alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka. Bila kufikiri mara mbili, Kidomo akamwekea mkasi ubavuni.

Mama aliporudi, uzi ulimdondoka. "Nani kafanya hivi?"

Kidomo, msichana asiyeishiwa maneno, aliukodolea macho mkeka tu. Mama akauona mkasi. Akamnyanyua mtoto, naye akagutuka, akatazama huku na huku asielewe kitu. Mkono wa mama ukapanda juu.

"Mama, usimpige! Ni mimi! Hata mkasi nimemwekea mimi!"

Mkono ukabaki hewani. Mama alimtazama binti yake kama mtu asiyemjua. Akaketi, akakivuta kitambaa karibu.

"Senta ni nini?" aliuliza hatimaye.

"Mahali... palipo sawasawa na kila upande," Kidomo alijibu akilia.

"Haya. Tundu la shingo halihami. Pande zake je, haziwezi kulinganishwa?"

Kidomo akafuta machozi, akapima. Upande mmoja ulizidi. "Tukate kilichozidi, tukigawe nusu kwa nusu, halafu tushone nusu moja kila upande!"

Wakafanya hivyo, na mama akaifunika mishono kwa utepe. Mkunga alipokuja jioni, Kidomo mwenyewe alimweleza yote. Mkunga alishika kiuno, akaduwaa.

"Makubwa haya!" Kisha akalivaa gauni, akajigeuza mbele ya kioo. "Nashukuru limenikaa. Lakini wewe binti, umenikata maini!"

Mkunga alipoondoka, Kidomo alishusha pumzi. "Mama, si yamekwisha?"

Mama hakutabasamu. "La gauni limekwisha. Mshono ukikosewa, unafumuliwa. Ila lile kofi lingempata mdogo wako bila kosa, tena kutoka kwa mama yake mzazi. Hilo tungelifumua vipi?"

Kidomo alimwendea mdogo wake, akapiga magoti, akamwomba msamaha.