Huyu Mengineyo ni Nani?

Kila jioni, mama alipokuwa akimalizia pindo la sare ya mwisho, binti yake alikaa kando ya cherehani akishona vifungo. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba, aliingia na begi lake la spana, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akamsalimu mama yake mzazi. Huyo ndiye Bibi. Wakati huo Bibi alikuwa akitia dawa ya macho, na hakutaka mtu amsaidie.

"Mkono wangu unalijua jicho langu," alisema. Kisha akajifuta tone lililomtiririka shavuni.

Daktari wa macho hakuwa amemung'unya maneno. Bibi alikuwa na presha ya macho. Dawa isingemrudishia uwezo wa kuona aliokwisha kuupoteza, lakini ingeulinda uliobaki, mradi asikose hata siku moja. Na dawa yenyewe ilikuwa ghali.

Tatizo ni kwamba hela ya nyumba ile ilikuwa ikiyeyuka. Mwezi haujafika katikati, wazazi wameshaanza kutazamana.

"Hela imekwenda wapi?" baba aliuliza jioni moja.

"Unaniuliza mimi? Kwani nimeila?" mama akajibu. Kisha akapoa. "Tuwe tunaandika, baba watoto. Tukijua inakokwenda, tutaizuia."

"Tununue daftari, basi."

"Daftari! Wewe mwandiko wako mwenyewe unakushinda kuusoma. Bora makopo. La dawa lake, la chakula lake, la kodi lake. Likiisha, limeisha."

Binti akacheka. "Makopo, mama? Siku hizi kuna programu za simu. Unaingiza matumizi, yenyewe inajumlisha, halafu inakuchorea duara la rangi, kila rangi na matumizi yake."

Baba alimtazama kwa fahari. Binti huyu aliongoza darasa kwa hesabu, na nyumbani walimwita Mhasibu. "Basi Mhasibu achague," akasema. "Ada tunalipia nini?"

Mhasibu akapewa simu ya mama. Alikuta programu kadhaa. Moja ilikuwa ya bure kabisa na haikuhitaji intaneti, lakini ilikuwa ya kijivu, imepooza. Nyingine ilikuwa na lile duara, na rangi zake ziling'aa kama vitambaa vipya dukani. Akachagua hiyo, kama mtu anayenunua viatu bila kuvijaribu. Maandishi marefu yalipotokea, hakuyasoma. Alibonyeza "Kubali", basi. Hakuna aliyemuuliza Bibi lolote. Kwani Bibi na simu, wapi na wapi?

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Lakini mama alinunua uzi na sindano huku akili iko kwenye sare, na baba alishinda kutwa nzima kwenye nyumba za watu huku simu yenye programu imebaki nyumbani. Ikabidi Mhasibu awahoji jioni.

"Baba, leo umetumia nini?"

"Nauli. Chakula. Na vitu vingine vingine, mwanangu. Nimechoka."

Vitu vingine vingine vingewekwa wapi? Chini kabisa ya orodha kulikuwa na nafasi iliyoandikwa "Mengineyo". Mhasibu aliipenda sana nafasi ile, maana haikuuliza maswali. Asichokijua alikitupa humo. Alichoona uvivu kukiuliza alikitupa humo humo.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu. Kumbe programu ile ilikuwa ya bure kwa majuma machache tu. Sasa ilianza kukata hela kwenye akaunti ya simu ya mama, tena ile aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya dawa. Mhasibu alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, hela ikakatwa tena. Yeye akaandika "Mengineyo" na kuufuta ujumbe. Aliona haya, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Mwisho wa mwezi baba aliomba kuliona duara. Zaidi ya nusu yake ilikuwa rangi moja ya kahawia, rangi ya Mengineyo.

"Huyu Mengineyo ni nani?" baba akashangaa. "Anakula kuliko sisi sote!"

"Kuna mgeni?" Bibi akauliza kutoka chumbani. "Mbona sikumsikia akipiga hodi?"

Walicheka, na hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa siku nyingi.

"Muulize mwenye vitu vingine vingine," mama akasema.

"Na huo uzi wako usioisha, je? Na hela ya simu imekwenda wapi?"

"Ina maana mimi mwizi?"

Maneno yakapanda. Tangu jioni ile wazazi wakanuniana. "Mwambie baba yako chakula kipo," mama alisema, na baba amekaa pale pale. "Mwambie mama yako nimeshiba," baba alijibu, na tumbo linanguruma. Mhasibu alibeba maneno yao huku na huku, na moyo wake ukawa mzito.

Jioni moja alimwona Bibi akiinua uso na kukamua chupa ya dawa kama kawaida. Ila safari hii hakujifuta shavu. Hakukuwa na tone la kufuta. Mhasibu akaichukua chupa na kuiminya juu ya kiganja chake. Ilitoka hewa tu.

"Bibi! Imeisha tangu lini?"

"Punguza sauti. Siku nyingi." Bibi akanyoosha mkono. "Nirudishie chupa yangu. Baba yako na mama yako hawasemeshani kwa sababu ya hela. Nikidai dawa, si nitawaongezea moto?"

Mhasibu alipunga mkono kando ya jicho la kushoto la Bibi. Bibi hakugeuka. Binti akaanza kulia, kisha akapiga moyo konde, akaenda sebuleni na ile chupa.

"Mengineyo ni mimi," akasema.

Cherehani ikanyamaza. Akaeleza yote: maandishi ambayo hakuyasoma, hela iliyokatwa, ujumbe alioufuta. Mwisho akaweka chupa tupu mezani.

"Ulituona tukinuniana, ukanyamaza?" mama aliuliza.

"Niliogopa, mama. Nisameheni."

Baba aliishika ile chupa. "Mama yangu anajitia hewa machoni," alisema. "Na mimi nimekaa hapa nimevimba kwa hasira."

Asubuhi mama alipeleka sare zilizokuwa tayari, akalipwa. Baba hakwenda kazini. Alimshika Bibi mkono wakaenda kwa daktari, na Mhasibu akafuatana nao. Daktari alipima, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa imepanda. Sehemu ya pembeni ya jicho la kushoto ilikuwa imepotea, na isingerudi. Iliyobaki ingeweza kuokolewa, kama dawa isingekatizwa tena. Wakanunua dawa, na njia nzima ya kurudi Mhasibu alitembea upande ule wa kushoto, asije mtu akamgonga Bibi.

Walipofika, mama alikuwa ameshakwenda kwa wakala wa simu kusimamisha makato. Safari hii Mhasibu hakuchagua peke yake. Aliuliza kila mtu.

"Mimi nipe kitu nisichohitaji kukikumbuka jioni," baba akasema.

"Mimi nipe kitu ninachoweza kukigusa," akasema Bibi.

Mama akainuka. Alichukua mabaki ya vitambaa vya sare akashona pazia dogo lenye mifuko, wakalitundika chumbani kwa Bibi. Mfuko wa kodi ulikuwa na vifungo vitatu, wa chakula viwili, na wa dawa kifungo kimoja kikubwa cha koti. Hela ikiingia, iligawanywa humo kabla haijatumika.

"Na mfuko wa Mengineyo?" baba akauliza.

"Huyo alishahama," mama akasema, na wote wakacheka. Kisha akamvuta binti yake karibu na cherehani.

"Sikiliza, mwanangu. Simu si mbaya, na wapo inaowafaa sana. Lakini chombo cha kutunza hela hakichaguliwi kwa rangi. Uliza kwanza ni akina nani watakaokitumia, na chenyewe kitakula kiasi gani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Hela tutatafuta nyingine. Jicho la bibi yako sina uzi wa kulishona."

Mhasibu aliinamisha kichwa.

Jioni ile Bibi alipapasa pazia mpaka akakipata kifungo kikubwa. Akaingiza vidole mfukoni. "Ipo," akasema. Kisha akakaa, akainua uso, akatia dawa, na Mhasibu akasimama akimtazama mpaka tone lilipomtiririka shavuni.