Alama Nyekundu Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alipaka mafuta cherehani ya mama yake, na kila asubuhi alikasirika upya. Cherehani ilikuwa imekula kutu tangu mto ulipofurika na kuingia ndani. Mama, fundi aliyekuwa akishonea nusu ya mtaa, sasa alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, na bado sindano iliruka mishono.

"Acha, mwanangu. Utachelewa shule," mama alisema.

"Siachi! Mto ule ungechimbiwa njia nyingine mapema, cherehani hii ingekuwa nzima."

"Si ndiyo wanakuja watu wa kupima mafuriko?"

"Hata mwaka jana walikuja!"

Hapo hakukosea, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwaka uliopita, baada ya mafuriko ya kwanza, walikuja mabwana wa ofisini na viatu vyao visafi. Walikuja wakati wa kiangazi, wenye nyumba wakiwa wamekwisha kupaka kuta chokaa kuficha matope. Wakatazama kuta nyeupe, wakasema maji ya mtaa huu si ya kutisha, wakapanda gari lao wakaondoka. Mvua zilizofuata maji yakaingia tena, safari hii yakaiharibu cherehani. Na wenye nyumba, watu wa ajabu hawa, wakapaka chokaa tena!

Siku hiyo darasani aliingia mpimaji mpya, kijana mwenye kofia ya plastiki.

"Kule mtoni hakuna kifaa cha kupima mafuriko," aliwaambia wanafunzi. "Kuta zenu ndizo zitakazotuambia maji yalipanda kiasi gani. Tukishajua, tutapanga mfereji wa kuchepusha maji uwe mpana kiasi gani na upite wapi. Waulizeni wakubwa, kisha wekeni alama nyekundu pale maji yalipofika. Pale pale. Tumeelewana?"

"Ndiyo!" darasa zima likaitikia.

Kila mtaa ulipewa kopo la rangi na brashi. Pilipili alilinyakua la mtaa wao kabla mwingine hajainua mkono. Hakuitwa Pilipili bure.

Alianzia kwa kinyozi.

"Mjomba, maji yalifika wapi?"

Kinyozi alionyesha mahali chini ya kioo chake. Kisha akamshika mkono. "Lakini weka juu zaidi. Ukiweka hapo watasema tena maji yetu ni ya kuogeshea bata."

Pilipili alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Akapandisha brashi hadi juu ya kioo. Nyumba ya pili wakamwambia atie chumvi kidogo. Nyumba ya tatu hawakumwambia kitu, akatia mwenyewe. Alipofika kwao, mama alikuwa ametoka kupeleka nguo za wateja. Pilipili alijua fika kwamba nyuma ya kabati, ambako chokaa haikufika, mstari wa matope ulikuwa bado upo, usawa wa kiuno chake. Akalitazama kabati, akaligeuzia mgongo. Akapanda kwenye kigoda na kuchora alama juu ya kichwa chake.

"Safari hii mtatuona," alisema kwa sauti.

Jioni mama aliiona alama ile. Akaitazama, akalitazama na kabati, kisha akaenda zake jikoni kuwasha moto. Siku chache baadaye mpimaji alipita na chombo chake cha miguu mitatu, akapima alama zote, akapiga mluzi wa mshangao na kuondoka.

Jumamosi moja Pilipili alikwenda kwa bibi yake, mama mzaa mama, aliyeishi upande wa chini wa mto, kando ya kinamasi. Bibi alilima nyanya na mboga akimwagilia maji ya kisima. Si mtu wa kukaa kitako mchana. Lakini siku hiyo Pilipili alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anazitazama nyanya zake. Katikati ya matuta palisimama vigingi vyenye vitambaa vyekundu.

"Bibi! Nani kapigilia vitu hivi?"

"Ni mfereji, mjukuu wangu. Utapita hapa, ukate kinamasi katikati. Wanasema maji ya mtaani kwenu ni mengi mno, mfereji mdogo hautoshi."

Damu ilimchemka. Aling'oa kigingi kimoja, akatoka nacho mbio mpaka barabarani, ambako mpimaji alikuwa akikunja vifaa vyake.

"Huna haya!" alimfokea. "Umemkanyagia bibi yangu nyanya! Nani kakuruhusu?"

Mpimaji hakukasirika. "Hata mimi sikutaka kupita hapa. Tulipanga mfereji mdogo upite ng'ambo, kwenye ardhi tupu. Lakini kuna mtaa mmoja maji yalipanda kupita kichwa chako. Nikichimba mdogo, watu watazama. Nifanyeje?"

"Mtaa gani?" Pilipili aliuliza.

"Ule wa kinyozi. Alama zake zimechorwa vizuri kweli, rangi haikudondoka hata tone."

Pilipili alikigeuza kigingi mkononi, akarudi nacho polepole.

Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa kuujadili mfereji katika ukumbi wa shule. Mbele alisimama mtaalamu wa mazingira, mama mmoja aliyekuja na mabuti yenye tope la kinamasi.

"Hatuchimbi kabla ya kujua tutaharibu nini," alisema. "Kinamasi kinahifadhi maji na kuyapeleka visimani polepole. Mfereji huu mpana utakikausha. Visima vya huku chini vitakauka, na samaki hawatakuwa na pa kuzalia. Nataka kuwasikia nyinyi."

Bibi alisimama. "Nitachota wapi mimi?"

"Nyanya za mtu mmoja zisitufanye sisi tuzame!" kinyozi alipaza sauti. Watu wakampigia makofi.

Yale makofi! Pilipili alihisi yanampiga yeye usoni. Aliwakasirikia wote, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. Akasimama juu ya benchi.

"Hakuna aliyefikiwa na maji kichwani! Kwa mjomba yaliishia chini ya kioo. Alama zote nilizipandisha mimi!"

Ukumbi ulilipuka. "Mtoto huna adabu! Shuka!" "Unataka mto utumalize?" Kinyozi alijitia hamnazo, akatazama dari.

"Mwacheni amalize!" Ilikuwa sauti ya mama.

"Twendeni nyumbani mkaone," Pilipili alisema, machozi yakimtoka. "Nyuma ya kabati."

Wakaenda, mkutano mzima. Mpimaji na kinyozi wakasukuma kabati. Mstari wa matope ulikuwepo, mweusi, usawa wa kiuno cha Pilipili. Alama nyekundu ilikuwa juu yake mbali.

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Nilijua."

Mama alishusha pumzi. "Na mimi nilijua, nikanyamaza. Aibu yetu sote wawili."

"Na wewe, baba!" Bibi alimgeukia mpimaji. "Unapima rangi ya watoto unaita maji? Kabati hukuliona?"

Mpimaji aliinamisha kichwa. "Nililiona, bibi. Nilikuwa na haraka."

Mtaalamu alimwagiza apime upya nyumba zote. Wakalowesha kuta na kukwangua chokaa, na nyumba baada ya nyumba mstari wa kweli ukatokea. Kwa kinyozi ulitokea chini ya kioo. Hakuna aliyesema maji ya kiunoni ni ya kuogeshea bata. Ulichimbwa mfereji mdogo wa ng'ambo, na kinamasi kikaachiwa njia yake ya kupata maji ya mto. Mvua zilipofika, mto ulipanda, ukageukia mferejini. Cherehani haikulowa, na kisima cha bibi kikajaa kama kawaida.

Siku moja Pilipili alikuwa akimsaidia bibi kufunga miche ya nyanya.

"Bado nawachukia wale wa viatu visafi," alisema.

"Wachukie tu. Haki ya kukasirika unayo, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini ulikuwa na maji ya kiunoni, maji ya kweli, yaliyoiua cherehani ya mama yako. Hayo yalitosha kuwaaibisha mbele ya watu. Ulipoongeza uongo ukadhani unawamwagia wao." Bibi alinyoosha kidole kwenye matuta. "Ulinimwagia mimi. Siku nyingine ukionewa, sema lililokupata, lote, tena kwa kelele. Usizidishe hata tone."

"Sitazidisha, bibi."

Bibi alimpa kile kigingi alichokuwa ameking'oa. Pilipili akakipigilia kando ya mche ulioinama, akaufunga nyanya zisiguse chini.