Bangili za Anaclet

Germaine aliamka akiwa amechoka. Liévin, mume wake, alikwisha kwenda kazini kwenye reli. Maji hayajachotwa, moto haujawashwa, na mtoto Anaclet analia. Tangu Germaine apate mimba nyingine, mtoto aliachishwa ziwa. Sasa alikula uji mweupe tu.

Hiyo ilikuwa siku ya kupima watoto wa mtaa wa Kamalondo. Mguuni Anaclet alivaa bangili ya shaba ya nyanya yake. Kwa desturi, bangili ya nyanya haivuliwi mpaka mtoto atembee, na wapimaji waliiheshimu. Basi kila siku ya mizani Germaine aliongeza nyingine, ili kilo zipande. Miguu ilikonda, bangili zikateleza. Akazifunga kwa uzi.

Zabibu, jirani yake, mke wa fundi cherehani, alimwona.

"Dada, bangili zote hizi ni za nini?"

"Mutoto wa mama Ngosa banamupigia vigelegele pa mizani. Wangu batamucheka. Minachoka na kuchekwa, yaya, dada yangu."

Zabibu akambeba mtoto. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

"Baba yangu alisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mizani utaidanganya. Kifo, hapana."

Germaine akamchukua mtoto wake. Akaenda.

Foleni ya mizani ilikuwa ndefu, jua kali. Muuguzi Delphine hakuwa na tabasamu siku hiyo.

"Bamama, musikilize. Munganga wa hospitali aliniuliza batoto ba Kamalondo beko namna gani. Nikamujibu: beko bazuri, kilo inapanda. Maziwa ya unga akayapeleka mutaa ingine. Na juzi tumezika mutoto wa Kapya, wa mutaa hii yetu. Mizani ilisema iko muzuri, kumbe ilipima bangili."

Zamu ya Germaine ilipofika, alikata nyuzi kwa meno. Akavua bangili zote, hata ya nyanya.

Mshale wa mizani ulishuka vibaya. Hakuna aliyecheka. Nyuma yake kwenye foleni, Ngosa naye alianza kufungua nyuzi za bangili za mtoto wake.

"Sasa minamuona mutoto," alisema Delphine kwa upole. "Mama, hapa hatushindani. Tunapima mutoto mumoja tujue afya yake. Tunapima bote tujue mutaa yetu iko na njaa ao hapana."

"Nifanye nini?"

"Twanga karanga na ndagala, ile dagaa kavu, utie mu uji. Mupatie sombe, majani ya muhogo, na mafuta. Kidogo kidogo, mara mingi. Mimi nitamwambia munganga ukweli, maziwa irudi huku."

Kazi ikaongezeka kwa mama aliyekuwa amechoka tayari. Kutwanga, kupika, kulisha, kutwanga tena. Zabibu alimsaidia kutwanga. Maziwa nayo yalirudi Kamalondo.

Mvua zilipoisha, Anaclet alisimama, akashika ukuta, akatembea. Nyanya alikuja kumwona. Alichukua bangili yake, akajaribu kumvisha tena kwa furaha, ili aivue yeye mwenyewe kama desturi.

Bangili ilikwama kwenye kisigino. Mguu ulikuwa umenenepa.

Germaine akaketi chini, akalia. Safari hii aliwaacha majirani wayacheke machozi yake ya furaha.