Sauti ya Pili ya Bwana Koki

Asubuhi ile kiti cha Bwana Koki kilikutwa kimelowa chapachapa, na ofisi nzima haikuwa na tone. Ndiyo, ofisi ya maji, bomba lake kavu wiki nzima. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Jamaa alikuwa na maringo, na alikuwa na sababu. Koki zote kubwa za kufungia maji mjini, zilizolala chini ya barabara, alizijua yeye peke yake. Fundi asiyempigia simu atachimba kama panya mpaka jua lizame. Ndipo bosi, mama asiyependa porojo, akaleta mfumo mmoja wa kompyuta: mafundi, stoo na mapokezi, wote watazame palepale na waone kitu kilekile.

"Kila mtu amwage alichonacho," akasema.

Bwana Koki akamwaga, lakini kwa hila. Koki themanini na tatu aliziandika mahali pasipo pake, makusudi, ili simu yake iendelee kulia. Za kweli zikabaki kwenye daftari, daftari likafungiwa kwenye droo.

Siku ya tatu kiti kikalowa, na droo ikaanza kunuka tope la bomba kuukuu. Siku ya nne akapigiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, kiongozi wa mafundi.

"Shemeji, ile koki ya jana tumeipata palepale uliposema. Asante."

"Jana? Mbona hatujaongea?"

"Acha utani! Si ulinicheka kitambi wewe?"

Bwana Koki akacheka naye. Sifa ya bure, nani ataikataa? Akaipokea, akakata simu.

Kesho yake, saa nne, jua likiwaka dirishani na watu wakinywa chai, alisikia ndani ya droo maji yakitiririka taratibu, kisha mtu akikohoa kama anavyokohoa yeye, kisha sauti, sauti yake mwenyewe, na kile kicheko chake cha puani, ikisema kwa upole, "Ni mimi, haki ya Mungu. Shukeni tu shimoni, shemeji, nimeshafunga," na yeye pale kitini mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Simu ya mezani ikalia. Dada wa mapokezi, mwenye kompyuta, akaipokea, akaiweka kwenye spika.

"Maji yanaingia shimoni!" fundi alipiga kelele. "Kiongozi yuko chini, mguu umebanwa! Koki iko wapi?"

Dada akatazama mfumo. "Namba arobaini na moja. Sokoni, kwenye kona."

"Mwenzangu yuko hapo, ameifunga aliyoikuta! Bado yanakuja! Yamefika kifuani!"

Ofisi nzima ikamgeukia Bwana Koki.

"Si sokoni," akanong'ona.

"Sema, baba, hatukusikii!"

"Nyuma ya shule. Chini ya jiwe jeupe. Niliandika uongo."

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomchoma. Kumbe tusi lina huruma yake.

Shemeji alitolewa hai, anatapika tope, mguu umevunjika. Jioni, Bwana Koki alipokiri ile sauti ya droo, akaitwa mganga, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alinusa droo mara moja tu.

"Jini huyu hakuvunja mlango," akasema. "Alikuta kitu kimefichwa watu wasikione, akahamia. Toa daftari. Soma mbele yao."

"Yote, mama?"

"Yote. Na kila moja useme uliiandika wapi kwa uongo."

Akasoma. Dada akawa anaandika upya kwenye mfumo. Kila namba ilipotajwa, droo ililia kwa sauti yake, kilio cha mtu mzima anayevuliwa nguo sokoni, na wenzake waliinamisha macho kama wanaomwona uchi. Ya themanini na tatu ilipotoka, harufu ilikatika na kiti kikakauka. Bosi akasema tu, "Hiki ndicho tulichokuomba."

Wiki mbili baadaye simu ililia, dada akiwa kasimama mbali. Bwana Koki akaipokea.

"Shemeji! Mguu unaendeleaje? Unatafuta koki gani, nikupe?"



"Mpe dada simu," shemeji akanong'ona.

"Ni mimi, shemeji. Haki ya Mungu ni mimi."

"Na yule aliapa hivyohivyo. Mpe dada simu, tafadhali."